Wanafunzi wa sayansi wanaoacha fani njiani: mwongozo kamili kwa idara inayotaka wafike mwisho

Mwaka 2012 baraza la washauri wa Rais wa Marekani kuhusu sayansi na teknolojia lilitoa ripoti yenye habari nzito: kati ya wanafunzi wanaoingia chuoni wakitaka kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, wanaohitimu katika fani hizo hawafiki asilimia 40. Ripoti hiyo hiyo ilipiga hesabu kwamba kiwango hicho kikipanda hadi asilimia 50 tu, nchi ingepata takriban robo tatu ya wahitimu milioni moja wa ziada iliowahitaji ndani ya miaka kumi. Hapakuwa na haja ya kuwasaka vijana wapya. Walikuwa tayari wameketi darasani.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa idara, mratibu wa mwaka wa kwanza, au hata mhadhiri mmoja aliyechoka kuona majina yakipungua kila muhula. Msimamo wangu nausema mapema. Wengi hawaondoki kwa kukosa uwezo. Wanaondokea kwenye kozi mbili tatu za mwaka wa kwanza, kwa jinsi zinavyofundishwa na jinsi zinavyosahihishwa, na kozi hizo idara inaweza kuzibadili yenyewe bila kungoja wizara wala mfadhili. Elaine Seymour na Nancy Hewitt walichapisha mwaka 1997 utafiti wa mahojiano na mamia ya wanafunzi wa vyuo saba vya Marekani. Walichokikuta ni kwamba waliohama sayansi na waliobaki walikuwa na malalamiko yale yale, na ufundishaji mbaya ulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa sana na pande zote mbili. Ile imani kwamba wanaoondoka ni wale dhaifu, na kwamba mchujo unafanya kazi yake, haikusimama.

Hatua ya 1: Jua ni wapi hasa mnawapoteza

Usianze na asilimia ya chuo kizima, haitakuambia kitu. Mwombe msajili majina ya wote walioingia kwenye programu yako miaka mitatu au minne iliyopita. Yaweke kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, kisha andika leo yuko wapi: anaendelea kwa wakati, yupo ila anarudia, amehamia fani nyingine, ameacha chuo, au ameondolewa kwa matokeo. Makundi haya matano yasichanganywe hata kidogo. Aliyehamia biashara na anafanya vizuri huko ana kisa tofauti kabisa na aliyeacha chuo kwa sababu ya ada, na msaada wanaouhitaji haufanani.

Ukimaliza, ongeza safu za alama za kila kozi ya mwaka wa kwanza. Tuchukue mfano wa kubuni. Waliingia wanafunzi 120. Kwenye kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) ya muhula wa kwanza, 42 walipata D au chini ya hapo. Baada ya miaka miwili, 30 kati ya hao 42 hawapo tena kwenye fani. Katika wale wengine 78 waliopata alama bora zaidi, walioondoka ni 12. Basi jumla ya walioondoka ni 42, na 30 kati yao, yaani asilimia 71, walijikwaa kwenye kozi ile moja. Jedwali kama hilo likiwa mezani, kikao cha idara hakipotezi tena muda kwa kulalamikia vijana wa siku hizi. Kinajadili kozi moja, muhula mmoja, na msaada anaouhitaji mhadhiri wake, ambaye huenda ndiye mwenye darasa kubwa kuliko wenzake wote.

Kuna mambo mawili ambayo husahaulika katika kazi hii. La kwanza ni wenye C. Hao wamefaulu, hawaitwi na mtu, hawafanyi mtihani wa marudio, hakuna ofisi inayowaona. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuongoza shuleni akipata C ya kwanza maishani mwake huanza kujiuliza kama mahali hapa ni pake, na C mbili mfululizo hutosha kumfanya ajaze fomu ya kuhama. Wahesabu hao peke yao. La pili ni kuligawa jedwali: wanawake na wanaume, waliotoka shule zisizo na maabara, walio wa kwanza kwao kufika chuo, wanaofanya kazi huku wanasoma. Ukikuta watu wenye alama zile zile lakini wa kundi moja wanaondoka zaidi kuliko wa kundi jingine, usiwatafutie masomo ya ziada. Somo wanaliweza. Chunguza wanavyopokewa darasani, maabara na kwenye vikundi.

Hatua ya 2: Wasikilize walioondoka

Chagua kumi au kumi na watano kwenye jedwali lako, wa makundi tofauti, uzungumze nao. Asiwahoji mkuu wa idara, wala mhadhiri aliyewafundisha. Watasema mambo ya adabu tu. Tumia mshauri wa wanafunzi au mtu wa idara nyingine, na majina yasiingie kwenye taarifa.

Swali la "kwa nini uliondoka" halizai matunda, maana mtu ameshajitengenezea jibu la kujisitiri: nilibadili mapenzi, sayansi si yangu. Uliza mambo yenye tarehe na mahali. Ni lini ulianza kufikiria kuhama? Wiki ile kulikuwa na nini? Ulipokwama kwenye zoezi, ulimwendea nani kwanza? Kuna mhadhiri aliyekuwa anakujua kwa jina? Majibu ya maswali haya yataonyesha jambo ambalo alama haziwezi kulionyesha, kwamba mtu huanza kuondoka wiki nyingi kabla ya kujaza fomu.

Hatua ya 3: Panga vizuri mahali pa kuanzia hisabati

Kwa uhandisi, fizikia na kompyuta, hisabati ndiyo inayoamua nani anabaki. Wanafunzi wanaingia na maandalizi yanayotofautiana sana, kisha wote wanawekwa kwenye kalkulasi ile ile siku ile ile. Vyuo vingine hufanya kinyume: aliyeonekana dhaifu anapelekwa kwenye kozi za kujiandaa kwa mwaka mzima, kozi zisizohesabika kwenye shahada, huku wenzake wakianza mambo ya uhandisi. Njia zote mbili zinapoteza watu, na hii ya pili huwapoteza kimyakimya, kwa kuwa kila muhula unaoongezwa kabla ya kozi halisi ni nafasi nyingine ya kukata tamaa.

Mpe kila anayeingia jaribio fupi la kupima msingi wake: sehemu, vipeo, logi, kupanga upya milinganyo, kusoma grafu. Lisiwe la kumzuia mtu. Liwe la kuamua nani anahitaji saa mbili za ziada kwa wiki zinazokwenda sambamba na kozi yenyewe, na saa hizo zifundishe kile kitakachohitajika wiki hiyohiyo. Wiki ya kutafuta mnyambuliko wa vipeo itanguliwe na marudio ya kanuni za vipeo. Mwanafunzi anaona faida papo hapo, na haachwi nyuma ya wenzake.

Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, kilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2004 kilianzisha kozi ya hisabati ya uhandisi ya mwaka wa kwanza inayofundishwa na wahandisi wenyewe, pamoja na vipindi vya maabara, ikichukua tu zile mada ambazo kozi za uhandisi zinazofuata zinazitumia kweli. Kwa njia hiyo mwanafunzi anaweza kuendelea na uhandisi huku kalkulasi kamili ikifuata kwa mwendo wake. Vyuo vingine vingi vimeiga. Kama mna mamlaka juu ya mtaala wenu, jambo hili linastahili kikao chake peke yake.

Hatua ya 4: Badili ufundishaji wa kozi moja, ile mliyoiona kwenye jedwali

Hapa sitakwenda haraka, kwa sababu ndipo penye ushahidi mzito kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na madarasa ambamo wanafunzi wanafanya kazi wakati wa kipindi. Kwenye mihadhara, waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Kwenye madarasa ya kufanya kazi walikuwa asilimia 21.8. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine ulionyesha kwamba njia hii hupunguza pia pengo la ufaulu kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wengine. Hakuna mpango wa ushauri nasaha ninaoujua unaoweza kuokoa watu wengi kiasi hicho kwa kubadili tu kinachofanyika ndani ya vipindi vilivyokwisha kupangwa.

Huhitaji ukumbi mpya. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutumia utaratibu mwepesi unaofaa hata darasa la watu 300. Zungumza dakika kumi hadi kumi na tano, kisha uliza swali moja la kufikiri, lisilo la kukokotoa. Kwa mfano:

Mpira umerushwa juu wima. Unapofika mwisho wa kupanda, kwa nukta hiyo kasi yake ni sifuri. Ukipuuza hewa, nguvu inayoukabili mpira wakati huo ni ipi? (a) Hakuna. (b) Uzito wake peke yake, kuelekea chini. (c) Uzito wake na nguvu ya mkono uliourusha, zikiwa zimelingana.

Kila mtu ajibu kivyake kwanza, kimya, kwa dakika moja: kwa simu, kwa kadi za rangi, au kwa vidole vilivyowekwa kifuani ili jirani asione. Jibu ni (b), lakini utaona mikono mingi ya (a), na (c) haitakosa watu wake. Waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, usiwaambie jibu. Waambie wamtafute jirani mwenye jibu tofauti na kila mmoja ajaribu kumshawishi mwenzake. Dakika mbili, tatu. Kisha wajibu tena, na ndipo ueleze. Wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya, kwani hawana cha kujadiliana. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi uendelee.

Kinachotokea katika dakika zile mbili ndicho kinachowabakiza watu. Yule wa (a) anagundua kwamba kuna wengine thelathini waliofikiri kama yeye, na kwamba kukosea hapa si aibu, ni sehemu ya kazi. Na yule wa (b) analazimika kueleza kwa maneno yake kwamba kasi na badiliko la kasi ni vitu viwili, jambo ambalo hadi dakika ile huenda alilikariri tu.

Onyo moja, na ulichukulie kwa uzito. Utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard, uliotoka mwaka 2019, ulikuta kwamba wanafunzi wa madarasa ya kufanya kazi walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe waliona kwamba wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mwanafunzi huutafsiri kama kutoelewa. Kwa hiyo wiki ya kwanza, tenga dakika kumi na tano uwaeleze kwa nini darasa litaendeshwa hivi na kwamba kukwama watakakokusikia ni dalili ya kujifunza. Usipofanya hivyo, tathmini za wanafunzi mwisho wa muhula zitamkatisha tamaa mhadhiri mwenye nia njema na mwaka unaofuata atarudi kwenye slaidi zake.

Hatua ya 5: Rekebisha mitihani na alama

Kozi nyingi za mwaka wa kwanza zina majaribio mawili na mtihani wa mwisho. Jaribio la kwanza linafanyika wiki ya saba, lina asilimia 20 ya alama zote, na matokeo yanatoka wiki ya kumi. Mwanafunzi aliyepata 5 kati ya 20 anapoiona alama yake, muhula umeshakwisha. Hana tena nafasi ya kujirekebisha, na yeye anajua.

Fanya hivi: jaribio la kwanza liwe kabla ya mwisho wa wiki ya tatu, liwe fupi, libebe asilimia tano au chini yake, na lirudishwe ndani ya wiki moja likiwa na maelezo. Baada ya hapo kuwe na majaribio madogo ya mara kwa mara, na lililo baya kuliko yote lifutwe. Siku ya kurudisha karatasi, mpe kila mwanafunzi nusu ukurasa ajaze: nilijiandaa vipi, makosa yangu ni ya aina gani (kutoelewa dhana, hesabu, kutosoma swali, muda), nitabadili nini kabla ya jaribio lijalo. Kusanya karatasi hizo, kisha mrudishie yake wiki moja kabla ya jaribio linalofuata. Ni kazi ndogo, na inamfundisha mgeni wa chuo kwamba alama mbaya ina sababu inayoweza kutajwa.

Kama mna desturi ya kugawa alama kwa mgao, kwamba asilimia fulani lazima wapate A na asilimia fulani lazima waanguke, iacheni. Sioni cha kuitetea katika kozi za mwaka wa kwanza. Inamfanya jirani awe mshindani, na hatua inayofuata haiwezi kufanya kazi mahali ambapo kumsaidia mwenzako kunakushusha wewe.

Hatua ya 6: Waanzishie vikundi vya kazi, na maswali yawe magumu

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uri Treisman alikuwa akisomea shahada ya juu Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alitaka kujua kwa nini wanafunzi Wamarekani Weusi wengi walikuwa wanaanguka kwenye kalkulasi hali walikuwa na maandalizi mazuri. Akawauliza wahadhiri, akapewa sababu za kawaida: hawana ari, familia zao hazijali elimu, umaskini. Akaenda kuishi nao karibu na kuwatazama wakisoma, akawatazama pia wanafunzi wenye asili ya Kichina waliokuwa wakifaulu. Sababu zote alizopewa zikaanguka. Ari ilikuwepo na familia zilijali. Tofauti ilikuwa kwamba wale wa asili ya Kichina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana jioni, wakasahihishana, wakaulizana maswali ya mitihani iliyopita. Wale wengine walisoma saa zile zile walizoelekezwa, kwa bidii, peke yao, bila kujua kama shida waliyokuwa nayo ni yao au ni ya darasa zima.

Alichofanya baadaye ndicho ninachotaka kila idara ikisome kwa makini. Hakuanzisha masomo ya waliofeli. Alianzisha vikundi vya wanaotaka kufanya vizuri, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, akawaacha wafanye pamoja, msaidizi akizunguka. Waliojiunga walianza kufanya vizuri kiasi cha kuwapita wengi ambao hawakujiunga.

Ukitaka kufanya hivyo kwako, zingatia haya. Mwaliko uwaendee wote, au uandikwe kama heshima. Usiandike popote neno "dhaifu" wala "msaada wa ziada". Kila kikundi kikutane mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu hadi mbili, na kiwekwe kwenye ratiba rasmi ili anayefanya kazi jioni asikikose. Watu wanne kwa kila meza, na asiwepo mtu aliye wa pekee wa aina yake kwenye meza. Mwanamke mmoja na wanaume watatu mara nyingi huishia mwanamke kuwa mwandishi wa kikundi. Karatasi ya maswali iwe na matano, la kwanza kila mtu aliweze, la mwisho liwatoe jasho hata walio bora.

Msimamizi awe mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyeifaulu kozi hiyo. Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, kilianza mwaka 1973 mpango wa namna hii, na fikra yake ya msingi ni nzuri mno: wanalenga kozi ngumu, hawalengi mwanafunzi mwenye shida. Kozi ikiwa na wanaofeli wengi, inapewa kiongozi, na kila aliye darasani anakaribishwa. Kiongozi anahudhuria mihadhara upya na analipwa. Hilo la malipo msilikwepe. Na afundishwe kabla ya kuanza, walau siku mbili, stadi moja juu ya zote: kuuliza swali badala ya kutoa jibu. Akichukua chaki na kuanza kufundisha, kikundi kimekufa.

Mahali ambapo hakuna fedha kabisa, anza na kozi moja, viongozi watatu na chumba kimoja.

Hatua ya 7: Dalili za mapema, na ujumbe unaofaa kutumwa

Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kilianza mwaka 2012 kutumia mfumo wa kompyuta unaochunguza kila siku dalili zipatazo 800 kwenye rekodi za wanafunzi. Dalili ikijitokeza, mshauri anawasiliana na mwanafunzi mapema. Watu huusifia mfumo na kusahau kwamba chuo kiliongeza pia washauri, na kompyuta peke yake haimpigii mtu simu.

Idara haihitaji dalili 800. Tatu zinatosha: hajakabidhi mazoezi mawili mfululizo, hajaonekana maabara mara mbili, amepata chini ya nusu kwenye jaribio la wiki ya tatu. Mratibu akusanye majina kila Ijumaa. Jumatatu kila jina liwe limeshapata ujumbe kutoka kwa mtu anayefahamika, kwa simu au WhatsApp, wala si barua ya ofisi. Barua ya ofisi husema: "Unaarifiwa kuwa mahudhurio yako hayaridhishi na hatua za kinidhamu zinaweza kuchukuliwa." Mwanafunzi aliyeanza kujificha akiisoma hiyo anajificha zaidi. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za leo. Nimeona zoezi la tatu halijafika kwangu na Jumanne hukuwepo maabara. Kuna jambo limekukwamisha? Nipo ofisini kesho saa nane hadi saa kumi. Kama muda huo haukufai, niambie unaokufaa. Zoezi bado nalipokea hadi Ijumaa."

Ujumbe huu unataja kitu kilichokosekana bila kuhukumu, una saa na mahali, na unaacha njia ya kurudi. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Wengi hawarudi darasani kwa sababu wanaamini wameshachelewa.

Msimwambie mwanafunzi kwamba mfumo umemweka kwenye kundi la hatari. Atauamini.

Hatua ya 8: Pesa ndogo kwa wakati wake

Wapo wanaoondoka wakiwa na alama nzuri kabisa, wamebakiza muhula mmoja au miwili, kwa deni dogo. Georgia State hiyo hiyo ilianza mwaka 2011 kutoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wa aina hii, wale waliokuwa karibu kufutwa kwenye usajili kwa salio la ada. Haikungoja waombe. Iliwatafuta kwenye orodha yenyewe na kuwalipia. Idara isiyo na mfuko wake inaweza angalau kupata orodha ya wenye madeni wiki mbili kabla ya usajili kufungwa, na kumpigania kila mmoja apate muda wa kulipa kwa awamu.

Mpango wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York ulioanza mwaka 2007, ingawa ni wa vyuo vya miaka miwili na wa fani zote, una funzo kwetu. Uliunganisha mshauri wa karibu, nauli, vitabu na sharti la kusoma muda wote. Ulipopimwa kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, waliohitimu ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 40, dhidi ya 22 ya wasiokuwemo. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda, lakini gharama kwa kila mhitimu ilishuka. Hesabu hiyo ya pili ndiyo ya kumpelekea mkuu wa fedha.

Hatua ya 9: Waonje sayansi yenyewe mapema

Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka miwili ya fizikia bila kufanya jaribio moja ambalo jibu lake halijulikani. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, tangu mwaka 2005 kinawaingiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye utafiti halisi kama sehemu ya kozi. Kati ya wahitimu waliopitia mihula yote mitatu ya mpango huo, asilimia 94 walipata shahada za sayansi na fani zake. Kati ya wahitimu wenzao waliofanana nao ambao hawakupitia, asilimia 71. Kwa idara ndogo, badilisha maabara moja tu ya muhula: badala ya kurudia jaribio ambalo majibu yake yapo kwenye daftari la mwaka jana, darasa zima lipime ubora wa maji ya vyanzo vilivyo karibu na kujenga kumbukumbu inayoendelea mwaka hadi mwaka.

Katika kompyuta kuna jambo la ziada. Anayeingia akiwa hajawahi kuandika programu anakaa na aliyeandika tangu utotoni, na wiki ya pili anaamini amechelewa maisha. Chuo cha Harvey Mudd, California, kiliwatenganisha katika madarasa mawili kulingana na uzoefu, kikabadili kozi ya kwanza iwe ya kutatua matatizo yanayoeleweka, na sehemu ya wanawake katika fani hiyo ikapanda kutoka karibu asilimia 10 hadi karibu 40 ndani ya miaka michache. Kutenganisha kulitosha kumnyamazisha yule anayejibu kila swali kwa istilahi za kutisha.

Hatua ya 10: Pima, na ujiandae kujibu hoja ya kushusha viwango

Msifanye yote haya kwa mwaka mmoja. Muhula wa kwanza ni wa jedwali na mahojiano. Muhula wa pili ni wa kubadili kozi moja, jaribio la wiki ya tatu na vikundi. Ujumbe wa Ijumaa unaweza kuanza wiki ijayo. Anayeibeba kozi hiyo apunguziwe kozi nyingine moja, na kazi yake iandikwe kwenye faili la kupandishwa cheo. Mkimwachia ari yake peke yake, itakwisha.

Kabla ya kuanza, weka akiba ya maswali kumi ya mtihani wa miaka iliyopita ambayo hayakuwahi kusambazwa, uyarudishe yalivyo kwenye mtihani mpya. Linganisha na wanafunzi wa miaka mitatu iliyotangulia, kwani mwaka mmoja unaweza kuwa ulikuwa mzuri au mbaya kwa bahati tu. Kisha subiri kozi inayofuata. Mwenzenu atasema ufaulu umepanda kwa sababu mmelegeza, na ana haki ya kuuliza. Jibu liko kwenye kozi ya mwaka wa pili inayofundishwa na mtu ambaye hakushiriki mabadiliko: wale wanafunzi wa ziada waliovuka, wanafanyaje kwake? Wakifaulu kwa kiwango cha wenzao, hoja imekwisha. Wakianguka huko, basi mmesogeza tatizo mbele muhula mmoja, na inabidi mrudi kwenye hatua ya tatu mwangalie msingi wa hisabati upya, mada kwa mada, mkiwa na karatasi zao za mitihani mezani.